Kununua studio Kileleshwa: hatua kwa hatua kabla hujatoa pesa

Tangazo la studio inayouzwa Kileleshwa kwa kawaida huwa na mambo manne: bei, picha za jikoni jeupe, maneno "mtaa mtulivu", na nambari ya simu ya ajenti. Hayo hayatoshi kukufanya utoe hata shilingi moja. Studio ni chumba kimoja chenye jikoni pembeni, bafu, na ukibahatika roshani ndogo. Rangi, makabati na vigae utabadilisha siku yoyote ukitaka. Ardhi iliyo chini ya jengo hutaibadilisha. Wala namna jengo linavyoendeshwa, wala ghorofa litakaloinuka upande wa pili wa ua. Kwa hiyo muda wako mwingi na maswali yako makali yaelekeze huko, na uyamalize kabla ya kulipa.

Nimeshika Kileleshwa kwa sababu ndiko wengi wanaotafuta utulivu karibu na katikati ya Nairobi huelekeza macho. Sheria zenyewe ni za Kenya nzima, hivyo anayenunua Lavington, Nyali au Milimani ya Kisumu atazipitia hatua hizi hizi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya pesa zote

Tuseme studio inauzwa shilingi milioni 4.5. Ushuru wa stempu mijini ni asilimia 4, yaani 180,000. Wengi hawajui kwamba mthamini wa serikali huitathmini nyumba upya kabla ya ushuru huo kulipwa. Akiona thamani yake ni milioni 5, utalipa 200,000 hata kama mkataba wako unasema 4.5. Juu ya hapo kuna ada ya wakili wako, ambayo kwa nyumba ya bei hii huwa karibu na asilimia 2, pamoja na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu ya ada hiyo. Kisha ada ndogondogo za upekuzi (kuangalia kumbukumbu rasmi za ardhi) na usajili, na uthamini wa benki ikiwa unachukua mkopo. Ushauri wangu ni utenge asilimia 7 juu ya bei. Kwa mfano wetu ni 315,000, na jumla inakuwa 4,815,000. Kama pesa hizo za ziada huna, basi bado huna pesa za studio ya milioni 4.5. Tafuta ya milioni 4.

Kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ni mzigo wa muuzaji. Akikuomba mgawane, kataa kwa heshima.

Ikiwa unanunua ili upangishe, fanya hesabu ya pili. Chukua kodi ya 35,000 kwa mwezi, na ukubali kwamba mwezi mmoja katika mwaka chumba kitakaa bila mtu. Utapokea 385,000. Ushuru wa mapato ya kodi za nyumba ni asilimia 7.5 ya pesa ulizopokea tangu Januari 2024, kwa mwenye nyumba anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hapo zinatoka 28,875. Ada ya huduma ya jengo ikiwa 5,000 kwa mwezi, ni 60,000. Weka 20,000 za marekebisho. Zinabaki 276,125, ambazo ni takriban asilimia 5.7 ya pesa ulizotoa. Ajenti atakutajia asilimia 9 kwa sababu anagawanya kodi ya miezi kumi na miwili kwa bei ya tangazo na kuishia hapo. Asilimia 5.7 inaweza kukufaa, hasa ukiamini thamani ya nyumba itapanda, lakini ilinganishe kwanza na riba ya hati za dhamana za serikali, ambazo hazina bomba la kupasuka.

Anayekopa kununua nyumba atakayoishi mwenyewe ana afueni moja: riba ya mkopo hadi 360,000 kwa mwaka hutolewa kwenye mapato yake kabla ya kukatwa kodi.

Hatua ya 2: Upime utulivu wewe mwenyewe

Kileleshwa ilikuwa mtaa wa nyumba za chini zenye nyua pana na miti mikubwa. Kwa miaka ishirini hivi iliyopita nyumba hizo zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine na maghorofa kuchukua nafasi. Kwa hiyo utulivu unaouona leo unaweza kuwa wa miezi michache tu. Ukiona jirani wa studio yako ni nyumba ya zamani ya chini kwenye nusu ekari, chukulia kwamba patajengwa. Ukiona ua wa mabati, nenda usome ubao wa mradi uliosimikwa pale: unatakiwa kuonyesha mwenye mradi, mkandarasi na aina ya jengo. Hesabu ghorofa zinazotajwa, kisha rudi usimame kwenye dirisha la studio yako na ujiulize kama bado utaona anga.

Nenda mara kadhaa, kwa saa tofauti. Saa moja asubuhi siku ya kazi utajua hali ya barabara na kelele za kengele za shule. Ijumaa baada ya saa tano usiku utajua kuhusu baa na klabu. Jumapili asubuhi utajua kuhusu vipaza sauti. Kuna tofauti kubwa kati ya jengo lililo ukingoni mwa Ring Road na lililo ndani kwenye barabara ndogo kama Kandara au Siaya, ingawa matangazo yote mawili yatasema "Kileleshwa tulivu".

Ukiwa ndani ya studio, mwombe ajenti atoke nje. Funga dirisha na mlango, kaa kimya dakika kumi. Sikiliza pampu ya maji, mota ya lifti, mlango wa jirani unavyogongwa, mazungumzo ya kordo. Studio huwa na ukuta mmoja au miwili tu ya kukutenga na wengine, na kitanda chako kitaegemea mmojawapo. Iliyo ubavuni mwa lifti au juu ya jenereta mimi singeinunua hata kwa punguzo, kwa sababu hilo halina dawa.

Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, zimeweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika maeneo ya makazi. Zinakupa pa kushika unapolalamika dhidi ya klabu. Hazitakusaidia sana dhidi ya mjenzi mwenye vibali anayefanya kazi mchana.

Tembea pia kwenye kordo za ghorofa tatu nne ukitazama milango. Ikiwa mingi ina kufuli za namba, na kwenye lifti unakutana na watu wenye mabegi wanaotafuta nambari ya nyumba kwenye simu, ujue majirani wako watakuwa wageni wa siku mbili tatu. Wengine huvumilia hilo, na mwekezaji huenda akalifurahia. Anayetaka kulala mapema hatalipenda.

Hatua ya 3: Kagua chumba ukiwa na tepu ya kupimia

Tangazo linasema mita 35 za mraba. Pima. Sebule na sehemu ya kitanda ni mita 4.2 kwa 5.1, yaani 21.4. Bafu ni 1.5 kwa 2.2, yaani 3.3. Roshani ni 1.2 kwa 2.5, yaani 3. Jumla 27.7. Hizo saba zilizobaki ziko kwenye unene wa kuta na fungu lako la kordo na ngazi. Kuhesabu hivyo si lazima kuwe wizi, lakini bei kwa kila mita ilinganishe kwa kipimo kimoja kwa studio zote unazozitazama. Chora chumba kwenye karatasi, weka kitanda cha futi tano kwa sita, meza, friji na kabati, uone kama mlango wa bafu bado unafunguka.

Angalia dirisha linatazama wapi. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, na kati ya Juni na Agosti, ambayo ndiyo miezi ya baridi, jua hupita upande wa kaskazini. Studio yenye dirisha moja linalotazama kusini haitaona jua miezi hiyo yote. Nguo hazitakauka, na kuvu itaota kwenye kona za dari ya bafu. Angalia kona hizo sasa, hasa kama zimepakwa rangi mpya huku dari nyingine ikiwa ya zamani. Gusa ukuta ulio nyuma ya kabati la nguo.

Fungua mabomba yote kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo na usikilize yanavyokwenda. Uliza mita ya umeme: je, ni mita ya Kenya Power ya studio hiyo, au ni mita ndogo ya mwenye jengo anayekuuzia tokeni kwa bei yake? Omba nambari ya mita uihakikishe.

Hatua ya 4: Likague jengo, kisha wasimamizi wake

Mahesabu ya jengo la studio ni tofauti na ya jengo la familia. Ghorofa kumi na tano zenye studio kumi kila moja ni kaya mia moja na hamsini. Uliza lifti ni ngapi na kama zote zinafanya kazi. Uliza maegesho ni mangapi, na kama nafasi yako imeandikwa kwenye hati au ni ahadi ya mdomo. Studio nyingi huuzwa bila maegesho na mnunuzi hugundua siku ya kuhamia.

Maji ya mfereji Nairobi huja kwa mgao, hivyo majengo mengi hutegemea kisima. Maji ya chini ya ardhi ya Nairobi yanajulikana kuwa na madini mengi ya floridi, yanayotia meno madoa na kudhuru mifupa ya mtu anayeyanywa kwa miaka. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Omba matokeo ya maabara ya kisima cha jengo, na uulize kama kuna mtambo wa kuyasafisha. Msimamizi asiyekuwa na karatasi hiyo amekwisha kukujibu.

Bawabu ndiye anayejua ukweli. Msalimie kwa adabu, "Za zamu, mzee wangu?", kisha umuulize mambo madogo: maji yalikatika lini mara ya mwisho, jenereta huwashwa kwa lifti tu au hata kwa nyumba, takataka huchukuliwa siku gani. Mwulize pia ni nyumba ngapi ziko tupu. Jengo lililokamilika zamani na lina madirisha mengi bila mapazia lina shida ya bei au ya karatasi.

Kisha ada ya huduma. Kujua kiasi chake hakutoshi. Omba hesabu za mwaka uliopita: zilizokusanywa ni ngapi, wasiolipa ni wangapi, na kuna akiba ya kiasi gani ya matengenezo makubwa. Jengo lenye ada ndogo na akiba sifuri litakuja kuwatoza wamiliki kwa mpigo siku lifti itakapokufa. Jengo ambalo thuluthi ya wamiliki hawalipi ada litapoteza bawabu kwanza, halafu lifti, halafu wapangaji. Ningeichagua studio yenye vigae vilivyochakaa katika jengo lenye hesabu safi kuliko yenye jikoni la kung'aa katika jengo ambalo hakuna anayejua pesa ziko wapi.

Hatua ya 5: Karatasi

Hapa usifanye haraka, na usifanye peke yako. Tafuta wakili wako mwenyewe. Wakili wa muuzaji si wako hata akikupa chai, na punguzo unalopata kwa kumtumia wakili mmoja nyote wawili utalilipia mambo yakiharibika. Hakikisha kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Ajenti naye anapaswa kuwa amesajiliwa na bodi ya usajili wa maajenti wa nyumba. Mwombe nambari yake.

Anza na ardhi. Kwa Nairobi, upekuzi rasmi hufanywa kwenye Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021. Utakuonyesha jina la mmiliki, kama ardhi ni ya kukodishwa na serikali na imebakiza miaka mingapi, kama ina rehani ya benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine. Rehani ndiyo mtego unaonasa watu wengi. Mjenzi hukopa benki kwa kuweka rehani hatimiliki ya ploti nzima, halafu anaanza kuuza nyumba. Akishindwa kulipa, benki inaidai ploti pamoja na chumba ulichokwisha kulipia. Ukikuta rehani, taka barua ya benki inayokubali kuiachilia studio yako ikishalipwa, na pesa zako ziende moja kwa moja kwenye kulipia kuachiliwa huko.

Usitosheke na jina la mmiliki wa leo. Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa kwamba aliyenunua kwa nia njema hana kinga ikiwa ardhi yenyewe ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kesi ilihusu kipande cha ardhi karibu na ufuo wa Mombasa, lakini uamuzi huo unamfunga kila mnunuzi nchini. Mwambie wakili akufuatilie historia ya hati mpaka pale ardhi ilipogawiwa mara ya kwanza. Ikiwa iliwahi kuwa ya umma, ya shule au ya barabara, ondoka.

Mito nayo ina haki yake. Mnamo Agosti 2018 kituo cha petroli kilibomolewa papa hapa Kileleshwa kwa kujengwa kwenye hifadhi ya mto, na mwezi huohuo majengo makubwa ya biashara Westlands na Lang'ata yalivunjwa kwa sababu hiyohiyo. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliamuru waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame. Ploti ikiteremka hadi mtoni, mwite mpima ardhi aliyesajiliwa aonyeshe mpaka wa hifadhi uko wapi. Gharama yake ni ndogo ukiipima na milioni 4.5.

Baada ya ardhi, jengo. Omba ramani zilizoidhinishwa na kaunti, leseni ya NEMA, cheti cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na cheti cha kukalia jengo. Chukua ramani zilizoidhinishwa, simama nje, uhesabu ghorofa. Zikiidhinishwa kumi na mbili na wewe unahesabu kumi na nne, mbili za juu hazina kibali, na uzito wake nguzo hazikupangiwa kuubeba.

Halafu studio yenyewe. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huo, inampa kila mwenye nyumba ya ghorofani hatimiliki yake kamili pamoja na fungu katika maeneo ya pamoja. Zamani mnunuzi alipewa mkataba wa kukodisha wa muda mrefu na hisa katika kampuni ya kusimamia jengo, huku hati kuu ikibaki kwa mjenzi. Sheria mpya ilitaka majengo ya zamani yabadilishe hati hizo, lakini mengi bado hayajabadilisha. Muuzaji akikuonyesha mkataba wa zamani, mwulize kazi ya kubadilisha imefika wapi, nani anailipia, na andika jibu lake kwenye mkataba wa mauzo. Hati iliyobadilishwa tayari inastahili bei ya juu kidogo. Bila hati ya namna hiyo, utahangaika kuuza au kukopa kesho.

Ukipata ramani ya sehemu iliyosajiliwa, ilinganishe na ulichokiona kwa macho. Nambari ya mlango, ghorofa, ukubwa. Kuna studio zilizotokana na kugawanya nyumba ya vyumba viwili kwa ukuta wa mbao au matofali, na kwenye ramani iliyosajiliwa nyumba hizo bado ni moja. Nusu ya nyumba haina hatimiliki.

Mwisho, muuzaji mwenyewe. Kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya mapato), na ridhaa ya mwenzi wake. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke, na kukosekana kwake kunaweza kubatilisha mauzo. Ikiwa muuzaji ni kampuni, taka CR12, yaani karatasi ya msajili wa kampuni, ya hivi karibuni uone wakurugenzi ni akina nani. Ikiwa ni urithi, barua ya usimamizi wa mirathi peke yake haitoshi. Subiri cheti kilichothibitishwa na mahakama kinachotaja nyumba hiyo.

Hatua ya 6: Mkataba na amana

Usilipe "pesa za kushikilia nyumba" kwa ajenti. Ukilazimika, ziwe kidogo, kwa risiti, na karatasi iseme zitarudishwa upekuzi ukionyesha kasoro. Mkataba wa mauzo ya ardhi ni lazima uandikwe, utiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe. Makubaliano ya WhatsApp hayatakuokoa.

Desturi ni amana ya asilimia 10, na siku 90 za kukamilisha. Amana ishikwe na wakili wa muuzaji kama mwaminifu wa pande zote mbili, isiingie mfukoni mwa muuzaji kabla ya usajili. Mkataba utaje kwa majina vitu vinavyobaki ndani: jiko, hita ya maji, makabati, mapazia. Utaje nafasi ya maegesho ikiwa ipo. Uandike kwamba muuzaji atalipa ada zote za huduma hadi siku ya kukabidhi funguo, na kwamba amana itarudi yote, kwa muda uliotajwa, kosa likiwa lake.

Kwa anayenunua jengo ambalo bado ni shimo na michoro, kila nilichosema hapo juu kinazidi uzito. Bei huwa nafuu kwa sababu hatari unaibeba wewe. Malipo yafuatane na hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mhandisi au msanifu, si tarehe za kalenda. Nenda ukatazame majengo mawili aliyomaliza mjenzi huyo miaka mitano iliyopita, na uwaulize wakazi kama wamepata hati zao. Jibu la swali hilo moja lina thamani kuliko kijitabu chake chote cha picha.

Na aliye Doha, Minneapolis au London asimtumie mjomba pesa akitumaini mambo yatajipanga. Mpe ndugu unayemwamini mamlaka ya uwakili ya maandishi, iliyoshuhudiwa huko uliko na kusajiliwa Kenya, yenye mipaka: kutia saini hati za studio fulani tu. Pesa zipitie kwa wakili. Hatimiliki iandikwe jina lako tangu siku ya kwanza, na upekuzi ufanye mwenyewe mtandaoni.

Hatua ya 7: Kukamilisha na kusajili

Kazi hii ni ya mawakili, lakini ijue orodha. Muuzaji hutoa hatimiliki halisi, fomu ya kuhamisha umiliki iliyotiwa saini, cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi, cheti cha kutodaiwa ada za ardhi za kaunti, idhini ya kuhamisha pale inapohitajika, ridhaa ya mwenzi, na barua ya wasimamizi kwamba hadaiwi ada ya huduma. Mthamini wa serikali hutathmini, unalipa ushuru wa stempu, hati zinasajiliwa. Salio la bei hulipwa kwa ahadi ya kitaaluma, yaani ahadi ya maandishi inayomfunga aliyeitoa, kati ya mawakili au na benki, ili muuzaji asitoe hati bila uhakika wa pesa, nawe usitoe pesa bila hati.

Rudia upekuzi mara mbili: siku chache kabla ya kulipa salio, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa wakati wowote, na tena baada ya usajili, uone jina lako kwa macho yako.

Hatua ya 8: Baada ya funguo

Badilisha kitasa siku hiyohiyo. Piga picha mita za umeme na maji zikiwa na namba zake, mbele ya muuzaji. Hamisha akaunti ya Kenya Power kwa jina lako. Ikiwa utapangisha, anza kutangaza mapato ya kodi KRA mwezi wa kwanza wenye mpangaji.

Kisha peleka nakala ya hatimiliki kwa shirika la wamiliki wa jengo, uombe jina lako liingizwe kwenye daftari lao na upewe sheria ndogo za jengo kwa maandishi. Kura yako kuhusu ada, wageni wa muda mfupi, kisima na jenereta hupigwa kwenye mkutano mkuu wa shirika hilo. Uliza tarehe ya mkutano ujao, na uende.